Kitabu Tulichokianzia Mwisho

Mimi na Feza tulisoma kitabu cha picha kutoka mwisho kwenda mwanzo kwa muhula mzima, na kwa sababu ya kosa hilo Feza hakupelekwa Salamabila kuwapikia wachimbaji wa dhahabu. Nimewaeleza watu wengi jambo hili, na wengi huanza kucheka kabla sijafika katikati. Kwa hiyo leo naliandika kwa mpangilio, nikianzia kwenye karanga.

Wenzangu mliosoma darasa la sita Kasongo miaka ile mnakumbuka jinsi karatasi ilivyokuwa adimu. Magari yalikuwa hayafiki. Chumvi, sabuni, betri za redio, vyote vilikuja kwa baiskeli kutoka Kalemie, vikisukumwa na wanaume ambao walitembea kando ya baiskeli siku nyingi bila kuipanda hata mara moja. Tulikuwa na daftari moja kwa masomo mawili: hesabu kutoka mbele, Kifaransa kutoka nyuma, na yalipokutana katikati mwaka ulikuwa umekwisha. Viatu vilivaliwa Jumatatu, siku ya bendera. Sketi ya buluu ilirefushwa kwa pindo kila mwaka mpaka pindo likaisha, ndipo mama alipokubali kwamba umekua.

Feza alikuwa amekuja Kasongo mwaka mmoja kabla, kwa miguu, kutoka Wamaza, yeye na baba yake. Vita viliwatoa huko. Mama yake alikuwa amefariki zamani, wakawa wanakaa kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku yake ya kwanza darasani mwalimu alimkalisha kwenye dawati langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwembamba kuliko wote. Alinuka moshi na mawese, na nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa uzi mweusi, zikasimama kichwani kama antena. Tulicheza nzango, mchezo wa kuruka na kurusha miguu, mapumziko yale yale, akanishinda. Miguu yake ilikuwa na haraka kuliko macho yangu. Tangu hapo hatukuachana.

Karanga tulizinunua kwa Mama Sakina, nje ya uzio wa shule. Alizikaanga kwa mchanga na maji ya chumvi, na harufu yake iliingia darasani saa nne kamili, hata saa ya mwalimu ilikuwa haiaminiki hivyo. Alizifunga katika karatasi iliyozungushwa kama pembe. Karatasi hizo alizinunua kwa wasukuma baiskeli: magazeti ya kanisa, daftari za watu wasiojulikana, mifuko ya saruji iliyokatwakatwa. Alizitia kwenye sanduku la mbao, na sanduku hilo ndilo lilikuwa kiti chake. Alilifungua mara moja tu kwa siku, asubuhi, akatoa za siku hiyo, akakaa.

Asubuhi moja tulimkuta amelifungua, na mkononi ameshika kitabu kidogo kinene, bila jalada mbele wala nyuma, ndani picha tupu.

"Mama, iko nini hiyo?" Feza aliuliza.

"Karatasi," Mama Sakina akajibu. "Iko ndogo, lakini nyingi. Karatasi tatu za mbele nimeshachana, ziko humu sandukuni."

Feza alirudi mbio nyumbani, akaleta daftari zake zote za darasa la tano, wakabadilishana. Hivyo ndivyo tulivyokipata. Na ndiyo sababu wiki iliyofuata mwalimu wetu alikula karanga kutoka kwenye imla ya Feza, akaitambua rangi yake nyekundu mwenyewe, akahesabu makosa upya palepale barabarani.

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, lakini kando ya picha kulikuwa na maandishi mengine makubwa, kama vijiti vya kuni vilivyotupwa chini. Kilihusu wasichana wawili, mmoja mwenye nywele fupi, mwingine nywele ndefu. Macho yao yalikuwa makubwa ajabu. Mama yangu alipokiona aliweka kijiko chini, akasema: "Hawa batoto wako na ugonjwa gani ya macho? Wazazi wao hawaone?"

Tulikifungua kama tulivyofungua kila kitabu cha shule, kutoka kushoto. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba 180. Uliofuata, 179. Hilo lilitusumbua kidogo, mpaka Feza akalifafanua. "Namba zinashuka ili ujue zimebaki ngapi," alisema. Niliona ni akili kubwa sana ya Wazungu. Tulizipenda namba hizo hata tukaziandika hivyo kwenye daftari zetu, na mwalimu akatupigisha magoti wote wawili, hakutaka kusikia habari ya kubakiza.

Kwa hiyo hadithi tuliyoijua ilikuwa hii. Hapo mwanzo wasichana wawili ni mashujaa wa nchi ya ajabu. Mmoja ana upanga unaowaka moto, mwingine anaita mvua kwa kuinua mkono. Wanapigana na joka lenye vichwa saba, na joka, kila ukifunua ukurasa, linazidi kuwa dogo na kupona majeraha. Kisha wanaanza kuacha vitu. Upanga wanaurudisha kwa mzee mmoja mwenye ndevu. Taji wanaliacha ndani ya mti. Marafiki wanawaaga, na kadiri hadithi inavyokwenda marafiki hao wanawasahau, wanawatazama kama wageni. Mashujaa wanabaki na woga tu na nguo zilizowafika magotini. Mwishoni wanatumbukia katika mwanga unaozunguka kama maji ya mto Lualaba pale Nyangwe, na mwanga huo unawatupa darasani. Wanakaa kwenye dawati moja, sketi zao safi, wanatazama dirishani. Ukurasa wa 3. Kwisha.

Msicheke. Ilikuwa hadithi nzuri. Mimi niliipenda kwa sababu ya joka. Feza aliipenda kwa sababu nyingine, ambayo sikuielewa mpaka siku aliponiambia tukiwa tunapepeta mchele wa mama: "Hawa ni kama mimi. Walikuwa na vitu, wakaviacha vyote njiani, wakatembea, wakatembea, wakafika masomoni."

Niliendelea kupepeta.

Kisha baba yake akaanza kutengeneza baiskeli. Papa Feza alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Ndugu yake alikuwa amemwita Salamabila. Huko wachimbaji walikuwa wengi na wapishi wachache. Mpango ulikuwa rahisi: yeye angebeba mizigo, Feza angepika. Hakuwa mkali. Aliliona jambo hilo kama mtu anavyoona kwamba mvua inakuja, akaanza kufunga vipande vya mpira wa tairi kwenye fremu, kimoja kimoja.

Feza alimpelekea kitabu mchana wa Jumapili. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Alimfungulia ukurasa baada ya ukurasa, akamsimulia kwa Kiswahili na, palipokuwa pagumu, kwa Kibangubangu cha kwao. Papa Feza aliacha mpira wa tairi. Alizitazama picha kwa makini kuliko sisi tulivyowahi kuzitazama. Aliweka kidole juu ya joka, akauliza kama linaliwa.

Walipofika ukurasa wa 3 akauliza: "Na hapa batoto bako wapi?"

"Masomoni, papa."

"Hawa wenye mapanga ya moto?"

"Ndiyo, papa."

"Baliacha ufalme, bakatafuta masomo?"

"Ndiyo."

Alichuna gundi vidoleni. Kisha akamwita kwa namna alivyomwita siku zote, maana Feza alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa baba yake: "Basi, mama, utabaki kwa shangazi. Nitaenda peke yangu. Mwaka wa masomo ukiisha nitarudi, tutaona kama nakubeba ao nakuacha."

Siku hiyo Feza alinipigia nzango tatu mfululizo nikashindwa zote, na sikujali.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Mimi ni mtoto wa mjini Kasongo, nyumba ya Waislamu, na kila mchana baada ya shule nilikwenda chuo kusoma Kurani. Kila mchana wa maisha yangu nilifungua msahafu kutoka kulia. Lakini akili ya mtoto ina vyumba: kulia ni kwa maalim, kushoto ni kwa mwalimu, na hakuna mlango katikati. Siku moja tulipofunga masomo ya chuo, mkono wangu ukiwa bado na mazoea ya saa ile, nilitoa kitabu cha picha mfukoni nikakifungua kutoka kulia bila kufikiri. Nikaona ukurasa wa 3. Nikafunua. Nikaona wa 4.

Nilikaa chini kando ya barabara, mkeka wangu kwapani. Kwenye ukurasa wa 4 wasichana wanatazama dirishani. Wa 5, mwanga unakuja. Wa 7, wanavutwa. Hawakuwa wanatua darasani, walikuwa wanaondolewa darasani. Nilisoma mpaka 180, na kila kitu ambacho tulikuwa tumekiona cha ajabu kikawa cha kawaida. Upanga haurudishwi kwa mzee, mzee ndiye anayeutoa. Marafiki hawasahau, wanafahamiana. Joka haliponi. Na zile kurasa alizochana Mama Sakina hazikuwa mwanzo, kama tulivyodhani muhula mzima bila kujali, kwa kuwa mwanzo mtu yeyote anaweza kuubuni. Zilikuwa mwisho.

Nilimkuta Feza akitwanga majani ya sombe. Nikamwonyesha. Aliacha mchi ndani ya kinu.

"Kwa hiyo baliacha masomo," alisema.

"Balichukuliwa. Hawakuacha."

"Lakini bako kule."

"Mpaka 180 wako kule."

"Na baba nimemwambia uongo."

"Hukujua!"

"Sasa ninajua," akasema. Alikuwa hivyo. Baba yake asingeweza kumkamata kwa lolote, asiyejua Kifaransa wala kulia na kushoto ya kitabu, na jambo hilo ndilo lililomkera zaidi. Alichukua mchi, akatwanga mara mbili, akaacha tena. "Riziki, kama mwishoni balirudi masomoni, basi si uongo. Ni kweli niliyoitanguliza. Kama hawakurudi, nitamwambia baba mbele hajaondoka, na abadilishe kama anataka."

Mimi nilimwambia kwamba ana wazimu. Lakini tulianza kutafuta.

Tulimwomba Mama Sakina atufungulie sanduku. Alikataa. Karatasi ni ya biashara, alisema, na watoto wakianza kuchambua sanduku atafunga karanga kwa majani. Wala hakuwa na mpango wa kusimama. Bahati yetu ni kwamba mvua zilikuwa zimeharibu barabara, baiskeli zilikuwa haziji, na karatasi mpya hakuna. Kila asubuhi alikwenda chini zaidi ndani ya sanduku. Kurasa zetu zilikuwa huko chini, zikianza kutoka moja moja na kusambaa mjini zikiwa na karanga ndani.

Mnakumbuka salongo, kazi ya Jumamosi ya kufagia shule, soko na njia? Mnakumbuka tulivyoikimbia, mmoja ana homa, mwingine ana msiba wa bibi aliyekwishakufa mara mbili? Basi, hakuna watoto waliowahi kuipenda salongo kama mimi na Feza msimu ule. Tulifagia soko lote la Kasongo. Tulifagia mbele ya msikiti na nyuma ya kanisa. Tulifagia hata siku ambazo si Jumamosi. Mwalimu alitusimamisha mbele ya bendera, akatusifu kama mfano wa raia wema, na wenzetu wakatuchukia kwa haki kabisa.

"Ninyi mnalipwa?" walituuliza.

"Tunapenda usafi," Feza alijibu, uso mkavu.

Tulipata karatasi mbili. Moja ilikuwa 181 na mgongoni 182: joka limeanguka, moshi, watu wanalia kwa furaha. Ya pili tuliipata chini ya meza ya muuza samaki, ina magamba: 183, na mgongoni 184. Kwenye 184 kuna mlango unaosimama peke yake katikati ya uwanja, na ndani yake unaona dawati. Msichana wa nywele fupi ameshavuka. Amegeuka, amenyoosha mkono. Wa nywele ndefu amesimama nje, uso wake hauonekani, nywele zimeufunika. Chini, kwenye kona, vijiti vile vya maandishi, kama upepo.

Mmoja amerudi. Wa pili bado. Mimi nilikuwa nimejichagulia yule wa nywele fupi tangu siku ya kwanza. Wa nywele ndefu alikuwa Feza.

Ilibaki karatasi moja.

Papa Feza aliondoka siku ya Jumanne, barabara zilipokauka kidogo. Tuliomba ruhusa shuleni kumsindikiza. Mizigo ilikuwa imefungwa, baiskeli imesimama kwenye gongo lake. Nilijua Feza anatafuta maneno ya kumwambia. Tulipofika kwa Mama Sakina baba yake alisimama, akanunua karanga za njiani. Mama Sakina alizungusha karatasi, akajaza, akamkabidhi.

Nilikuwa upande wa kulia wa baiskeli, Feza upande wa pili, mizigo katikati yetu. Mimi peke yangu ndiye niliyeiona ile pembe. Ilikuwa ndogo, yenye ukubwa ule ule, na kwenye mkunjo wake kulikuwa na kipande cha nywele zilizochorwa kwa wino mweusi. Papa Feza aliitia kwenye mfuko wa shati.

Ningeweza kupiga kelele. Feza angeisoma palepale na jambo lingekwisha, kwa upande huu ama ule. Ndiyo sababu sikupiga kelele. Nilifikiri: kama yule wa nywele ndefu hakuvuka, Feza atasema, na baba yake bado yupo hapa, na kamba za mizigo zinaweza kufunguliwa na kufungwa upya zikiwa na nguo zake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikutaka kukaa peke yangu kwenye lile dawati.

Feza alifungua kinywa. "Papa," alianza.

"Mama, nimesikia yote," alisema baba yake, akidhani ni kuaga. "Soma." Akasukuma baiskeli, akaanza kupanda mlima wa kwanza, na tulimwona akiingiza mkono mfukoni, akitafuna.

Mwaka wa masomo ulipoisha alirudi, kama alivyoahidi. Tulikuwa tumefaulu wote wawili. Feza alimweleza yote siku hiyo hiyo, zile karatasi mbili mkononi: kulia, kushoto, joka, mlango. Nilisubiri uani, nikisikiliza. Papa Feza alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama shule ya sekondari wanavaa sketi ile ile. Feza akasema ndiyo. Basi, akasema, haina haja ya kununua nyingine. Hakueleza kwa nini, na enzi zetu mtoto hakumwuliza mzazi sababu za jambo jema.

Binti yangu sasa ana umri tuliokuwa nao. Kurani anasoma kutoka kulia, Kifaransa kutoka kushoto, na simu kutoka juu kwenda chini, bila mwisho, kwa kidole gumba. Ukimpa lungo la kupepetea anakuuliza linawashwa wapi. Salongo kwake ni neno la bibi. Nilipomsimulia habari hii alisema, "Mama, hiyo rahisi, nitakutafutia," akapanda kwenye kilima cha nyuma ya nyumba kutafuta rezo ya simu. Alirudi baada ya saa nzima. "Mama, wasichana wa shule wanaopelekwa nchi ya ajabu? Ziko elfu. Jina lake nani?" Jina hatukuwahi kulijua. Jalada lilikwenda kabla yetu. Alinihurumia, akanionyesha nyingine kumi za Kijapani, zenye rangi, zenye mwisho. Tulisoma moja, ikaisha vizuri, na keshoye sikukumbuka hata joka lake. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja kisicho na kichwa wala mkia, na kila ukurasa wake ninao kichwani mpaka leo.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kwenda Wamaza kumtembelea Feza. Anaongoza shule ya msingi huko. Kurasa zote tulizobaki nazo ziko kwenye droo ya ofisi yake, zimefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Papa Feza ni mzee sasa, anakaa kwake, na anapenda kukalia kiti mbele ya shule wakati wa kengele. Nilimsogelea mzee wakati Feza yuko mbali kidogo, akimgombeza mtoto aliyechelewa. Nilikuwa nimebeba swali hilo zaidi ya miaka ishirini.

"Papa, ile siku uliondoka Kasongo, ulinunua karanga."

"Zilikuwa na chumvi mingi."

"Ile karatasi yake, ulifanya nayo nini?"

"Karatasi? Nilifungia tumbako, mbele sijafika Salamabila."

"Ilikuwa na picha?"

"Ilikuwa nayo. Mlango. Ule ule wa kitabu chenu."

"Na batoto? Walipita wangapi?"

Alimtazama binti yake kule uwanjani, mkono kiunoni, yule mtoto aliyechelewa akiwa ameinamisha kichwa.

"Wawili," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Ao mumoja na kivuli chake. Jua lilikuwa kali."

Feza anasema walikuwa wawili. Mimi nimeyaandika yote mawili, kama alivyoyasema.